Saa ya Nywele za Talei

Saa moja asubuhi, katika nyumba ya mbao huko Kinoya, nje kidogo ya jiji la Suva. Talei, mtoto wa miaka sita, ameketi kwenye kigoda jikoni akiwa na sare ya shule na chanuo mkononi. Anamsubiri bibi yake aje amsuke. Katika chumba cha pili mama yake, Ulamila Tuinasau, amesimama mbele ya kompyuta iliyowekwa juu ya meza ya kupigia pasi, anaendesha kikao na watu wa nchi tatu. Anamwona mtoto mlangoni, anamwashiria kwa kidole: nenda kamwamshe Bubu, yaani bibi.

Talei anaenda. Anarudi.

"Mama, Bubu hataki kuamka."

Ndivyo ilivyoanza Jumatatu ile ya mwezi Machi. Ulamila alikimbia bila kuzima kipaza sauti, na waliokuwa kikaoni, wengine ng'ambo ya bahari, wakamsikia akimwita mama yake.

Ulamila ana miaka thelathini na saba. Anasimamia mradi wa kuunganisha zahanati kumi na moja za visiwani kwa mtandao, ili mgonjwa akihamia kisiwa kingine taarifa zake zimtangulie.

"Mimi siandiki programu hata moja," anasema. "Nahakikisha mwandishi wa programu, fundi wa mitambo, muuguzi na mwenye boti wanakutana siku moja, mahali pamoja. Mama aliielewa kazi hii kuliko wakubwa zangu. Aliniambia, 'Kumbe wewe ni msimamizi wa karamu ya lovo! Hupandi muhogo, huchinji nguruwe, lakini mawe ya shimoni yakipoa nyama haijaiva, lawama zote zako.'"

Mama huyo, Kinisimere, alikuja kutoka kisiwa cha Kadavu na mkeka wake na sufuria yake kubwa wakati Talei ana miezi mitatu. Eroni, mume wa Ulamila, ni mwanajeshi na alikuwa ametumwa kulinda amani Sinai, na sasa yuko huko tena. Bibi alisema atakaa wiki mbili. Alikaa miaka sita.

Alimbeba mjukuu hadi ofisini mchana akanyonye. Alipita nyuma ya Ulamila vikao vikiendelea, kapu la muhogo begani, akiwasalimu wafadhili wa Amerika kwenye kioo cha kompyuta: "Bula! Mmekula?" Wafadhili wakazoea kumweleza walichokula.

Alizikwa Kadavu. Usiku wa kumi ukoo ulikaa kuzunguka bakuli la yaqona, kinywaji cha mizizi ambacho neno likisemwa mbele yake halirudishwi, na kila mmoja akataja mwiko wake, yaani kitu atakachojinyima mpaka usiku wa mia. Shangazi mmoja akaacha samaki. Apakuki, binamu na mtani wa Ulamila, akasema hatanyoa ndevu.

"Ndevu zipi?" akauliza Ulamila. "Hizo nywele tatu?"

Wakacheka hata waliokuwa na machozi. Apakuki hakukubali kushindwa.

"Na wewe, mkubwa wa kompyuta? Acha vikao vyako tuone. Thubutu! Wewe hata kaburini utaomba mtandao!"

"Naweza! Kuanzia saa moja hadi saa moja na nusu asubuhi, saa ya nywele za Talei, sina kikao na mtu. Hata awe mfalme!"

Alijibu kama mtu anavyomjibu mtani wake. Lakini bakuli lilikuwa mbele yake. Wazee wakapiga yale makofi mazito ya viganja vilivyopindwa, na neno likawa limepokewa.

"Nilifungua mdomo niseme nilikuwa natania," anakumbuka. "Kifuu cha yaqona kikawa kimeshanifikia."

Mwanzoni misuko ilikuwa vita. Ulamila hakuwahi kumsuka mwanawe hata siku moja.

"Bubu hafanyi hivi," Talei alimwambia, akijitazama kwenye kioo. "Huu unaangalia Suva, huu unaangalia Nadi."

Mwezi Mei wafadhili wakapanga kikao cha kuamua kama zahanati saba zilizobaki zitaunganishwa. Saa moja asubuhi, wakati kwao bado ni jana mchana. Kila mtu ofisini alijua pia kwamba kiti cha mkuu wa idara kiko wazi, na kwamba Ulamila anakitaka. Marika Ravulo, bosi wake, mtu wa visiwa vya Lau, akamwita.

"Ula, mwiko ni wa samaki. Mwiko ni wa ndevu. Kazi haiwekewi mwiko."

"Nimeshasema mbele ya bakuli, bwana mkubwa."

"Nani alikutuma useme?"

"Apakuki."

"Basi Apakuki akulipe mshahara!"

Kikao kiliendeshwa na Rohitesh Chand, mwandishi wa programu, aliyekula muhogo wa Bubu miaka yote ile.

"Niliogopa," anasema Rohitesh. "Mimi naongea na mashine, siongei na watu. Wakaniuliza, Ula yuko wapi? Nikawaambia anamsuka mtoto, Bubu hayupo tena. Mama mwenyekiti akasema, 'Tulimsikia siku ile akimwita mama yake.' Tukaendelea."

Wakati huohuo Kinoya simu ilikuwa haikomi kuita. Ulamila akaitumbukiza ndani ya sufuria ya Bubu na kufunika kifuniko. Ikawa inanguruma humo ndani, Talei akacheka mpaka mama yake akaipoteza mistari ya msuko, akaanza upya.

Zahanati saba zikapitishwa. Kiti cha mkuu wa idara akapewa mtu mwingine.

"Hakuna mpangaji kama yeye hapa," anasema Marika. "Lakini kiti kile kinataka mtu wa kupatikana saa yoyote."

Ulamila hafichi. "Sitasema haikuniuma. Nilijifungia bafuni nikafungulia maji. Ile kazi nilikuwa naitaka. Naitaka hata leo."

Usiku wa mia ulipofika, ukoo ulivua nguo nyeusi. Shangazi alikula samaki watatu. Apakuki alinyolewa mbele ya watoto, nao wakahesabu nywele kwa sauti. Wazee wakaondoa miiko yote.

"Haya, mkubwa," Apakuki akamwambia, akijipapasa kidevu. "Umefunguliwa. Rudi kwenye vikao vyako."

Ulamila amerudi. Mwakani atatafutwa kiongozi wa mradi mwingine, wa shule za visiwani. Ataomba kazi hiyo, na Marika ameshaambiwa ni saa ipi hatapatikana.

Misuko ya Talei sasa inaangalia upande mmoja. Kila siku ya shule, saa moja kamili, simu huingia kwenye sufuria ya Bubu na kifuniko hufunikwa. Kikao cha kwanza huanza saa mbili.