Kibao cha Timazi

Watu walimwita Timazi kwa miaka mingi mpaka jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye vyeti tu. Mwenyewe alilipenda lile la utani. Alikuwa fundi mwashi, mwembamba, mwenye nyusi zilizoshika vumbi la saruji hata siku za mapumziko. Mfuko mmoja wa koti lake ulining'inia kuliko mwingine, maana ndimo ilimokaa timazi yake: jiwe la chuma lenye ncha, uzi wake, na kile kibao kidogo ambacho uzi hupita katikati yake. Ukimkaribisha chai, kabla hajakaa alikuwa ameshautazama ukuta wako kwa jicho moja. Akinyamaza, umepona. Akiguna tu, chai yenyewe inakushuka vibaya.

Kwa asiyeijua kazi hiyo, mambo ni mepesi. Kibao unakibana juu ya ukuta, jiwe linashuka na uzi wake mpaka chini. Likiugusa ukuta kwa mbali, bila kuuegemea na bila kujitenga nao, ukuta umesimama wima. Hakuna cha kubishana. Na Timazi alipenda sana mambo yasiyo na cha kubishana, ndiyo maana kanisani walipotafuta mtu wa kufundisha Torati kwenye darasa la watu wazima, hakuna aliyehangaika kutafuta mbali.

Alifundisha kila Jumapili baada ya ibada, katika chumba cha nyuma chenye viti vya mbao na ubao ulioparara. Wengine wakifika kwenye vile vitabu vya sheria hupiga miayo. Yeye alichangamka. Sheria aliyoipenda kupita zote ni ile inayomtaka mtu anayejenga nyumba mpya aizungushie ukingo juu ya dari, lile paa la kukalia watu, mtu asije akaanguka akafa. "Mnaona?" alikuwa akisema huku akisugua viganja. "Mungu anajua ujenzi!"

Jumapili moja mama mshonaji, mwanamke mnene mwenye maneno yake, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, ile ya kutochanganya sufu na kitani kwenye nguo moja. Shati nililomshonea mchungaji ni kitambaa cha kuchanganya, na leo amelivaa mimbarini. Nimkamate mwenyewe au nimwachie Mungu?"

Darasa likaangua kicheko. Timazi alitabasamu kidogo, akaeleza kwamba sheria za nguo, za vyakula na za kafara ziliwatenga Waisraeli na mataifa mengine na kuwalinda mpaka wakati ufike. Zilikuwa kivuli. Kristo alipokuja, mwenye kivuli akawa ameingia ndani, na hakuna anayeendelea kusalimiana na kivuli wakati mwenyewe yupo ndani. Ila zile za kutoua, kutoiba na kutosema uongo, hizo zipo pale pale.

"Hapo nimekupata," alisema mama mshonaji. "Lakini hizo hizo zilizobaki tunazivunja kila siku, na tunaambiwa haziwezi kumwokoa mtu. Sasa Mungu alitupa za nini? Za kutushitaki tu?"

Timazi akasema atalijibu vizuri Jumapili ijayo.

Nyumbani alikaa mezani na daftari. Aliandika kwamba sheria humwonyesha mtu dhambi yake. Akaandika kwamba humlea mtu na kumshika mkono mpaka kwa Kristo. Akaandika tena kwamba humwonyesha aliyekwisha kuokolewa namna ya kumpenda jirani, akatolea mfano wa ule ukingo wa darini. Alipomaliza akamsomea mkewe, aliyekuwa anachambua mchele kwenye sinia.

"Ni maneno mazuri, baba," alisema mkewe bila kuinua macho. "Na shemeji yangu, mdogo wako, je? Kwake sheria yako ilifanya lipi kati ya hayo?"

Timazi akafunga daftari. Hilo jambo halikuzungumzwa pale nyumbani, na mkewe alilijua hilo.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Miaka kumi na mmoja nyuma, kanisa lilipojengwa, Timazi na mdogo wake waligawana ukuta wa mbele. Mlango mkubwa ulikuwa katikati, upande wa kushoto akaupandisha mkubwa, wa kulia mdogo. Mdogo mtu alikuwa mwashi aliyefundishwa na Timazi mwenyewe kwa mkono wake, tangu kukoroga udongo. Walipofika mahali pa kuweka linta juu ya mlango, ikaonekana pande mbili hazilingani, mmoja umejitokeza nje kuupita mwenzake kwa unene wa kidole. Timazi alitoa timazi yake. Kwenye upande wake jiwe liligusa vizuri kabisa. Kwenye upande wa mdogo wake likaegemea.

"Kaka, uzi wangu unaniambia nimesimama," mdogo wake alisema. Yeye alitumia nati kubwa ya chuma iliyofungwa kwenye uzi wa kawaida.

"Uzi wako ni wa kufungia mbuzi," Timazi alijibu, tena kwa sauti, mbele ya mafundi, wabeba maji na wazee wa kanisa. "Huna jicho. Mtu asiye na jicho anajenga nyumba ya Mungu?" Akachukua nyundo akaubomoa ule upande wa kulia mpaka chini, akaujenga upya kwa mkono wake.

Mdogo wake aliutazama ukuta, akaitazama ile timazi kwa muda, akaweka mwiko chini. Hakusema neno. Tangu siku hiyo hakuwahi kujenga tena, wala hakukanyaga kwa kaka yake, na Timazi hakumfuata. Alijiambia kwamba haki ilikuwa upande wake, naye aliyekosea ndiye wa kuja.

Basi Alhamisi ya wiki ile seremala akaja kubadilisha mlango wa kanisa, ule wa zamani uliokuwa umeoza chini, na Timazi akaenda kumsimamia. Alikuwa kijana mpole, mtu wa penseli sikioni. Akasimamisha fremu mpya, akaweka pima maji, akaitazama, akaigeuza, akaweka tena.

"Fundi," alisema kwa adabu, "nahisi ukuta huu unatazama nje kidogo."

"Labda pima maji yako inatazama nje," alisema Timazi.

Akatoa timazi. Jiwe likagusa ukuta kama kawaida yake. Timazi akasimama ameweka mikono kiunoni, akingoja kuombwa radhi. Seremala hakubishana. Alipigilia msumari kwenye fito iliyotokeza juu ya ukuta, akauacha uzi ushuke peke yake bila kibao, akapima kwa futi umbali wa uzi na ukuta juu, kisha chini. Akapima tena. Chini uzi ulikuwa mbali na ukuta kuliko juu, kwa unene wa kidole. Kulia hivyo hivyo, na kushoto hivyo hivyo.

"Naomba hiyo timazi yako, fundi."

Akaliweka jiwe juu ya kibao, na hapo hata asiye fundi angeona. Jiwe lilikuwa pana kuliko kibao. Kazi yote ya timazi inasimama hapo, jiwe na kibao viwe na upana mmoja. Visipolingana, uzi unaning'inia vizuri kabisa na mtu anajenga ukuta uliopinda huku akimshukuru Mungu.

Timazi alikumbuka papo hapo. Mwaka ule ule wa kujenga kanisa, kabla ya kuanza kuta zake, jiwe lake la zamani lilimponyoka likazama kwenye shimo la choo alichokuwa anajenga, na hakuna aliyejitolea kulifuata. Alinunua lingine, kubwa zaidi, akajisifia uzito wake. Kibao hakukibadilisha. Alikichonga mwenyewe enzi za ujana, akakizoea, hata hakikumpitia akilini. Kabla ya hapo kuta zake zote zilikuwa sawa, na baada ya hapo zote zilitazama nje kidogo, si za kuanguka, ila za kumwaibisha mtu aliyeguna kwenye sebule za wenzake.

Lakini hakuziwaza hizo. Alikaa kwenye ngazi ya kanisa akawaza ukuta mmoja tu, ule wa kulia, uliokuwa wima akaubomoa. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Asubuhi ya Ijumaa akaenda. Mdogo wake alikuwa fundi baiskeli siku hizi, ana kibanda cha mabati barabarani. Timazi alimkuta ameketi kwenye kigoda, amegeuza baiskeli juu chini, anaizungusha rimu iliyopinda na kukaza spoki moja baada ya nyingine. Hakuwa na kipimo chochote. Alifumba jicho moja, akazungusha, akakaza, mpaka rimu ikapita bila kuyumba hata chembe. Timazi aliyatazama yale macho aliyosema hayapo, akabaki amesimama nje ya kibanda.

"Karibu, kaka," mdogo wake alisema. "Kaa. Hapo kuna grisi, kaa pale."

Timazi hakukaa. Alitoa timazi mfukoni, akaweka jiwe juu ya kibao, akamnyooshea.

"Ukuta wako ulikuwa wima," alisema. "Niliyekosea ni mimi. Nimekuja kukuomba msamaha."

Mdogo wake alifuta mikono kwa kitambaa, polepole, kidole kwa kidole. Jiwe hakuligusa.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Kibao. Nilikiona siku ile ile, ulipokuwa unakibana juu ya ukuta wangu."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesemaje, kaka? Mbele ya wazee wa kanisa, na wewe ndiye uliyenifundisha kazi? Wangekucheka mpaka leo." Akazungusha rimu tena ingawa ilikuwa imeshanyooka. "Nilisema moyoni, jioni atanifuata nyumbani, atataka kujua, nitamwambia tukiwa wawili. Nikakungoja."

Timazi alilia pale pale barabarani, na mwenye baiskeli aliyekuja kuchukua chombo chake akajifanya anasoma bango la sabuni. Alipotulia, akamwambia mdogo wake kwamba Jumatatu anabomoa ukuta wote wa mbele na kuujenga upya, naye anamwomba aje. Mdogo wake akainama kwenye baiskeli.

"Mwiko wangu ulishaota kutu," alisema. "Nenda salama, kaka. Nisalimie shemeji."

Jumapili darasa lilijaa, maana habari za ukuta zilikuwa zimeshatembea. Timazi alisimama bila daftari.

"Mama mshonaji aliuliza sheria ni ya nini," alianza. "Nilikuwa nimeandika jibu refu. Naona afadhali niwaonyeshe." Akaning'iniza timazi mbele yao. "Huu uzi haukukosea hata siku moja. Torati ndivyo ilivyo, ni njema, inasema kweli. Lakini uzi haujawahi kuunyoosha ukuta wowote. Unakwambia umepinda, basi. Ungetegemea uzi ukunyooshe, ungekaa hapo mpaka uzeeke. Tena mimi niliutundika kwenye kibao changu mwenyewe, halafu nikampimia ndugu yangu. Sikuutumia kujua unaniambia nini mimi. Niliutumia kujua nani wa kufukuza."

Akawasimulia yote, na yale matusi ya mbuzi hakuyapunguza, kwa sababu aliyatamka mbele ya watu.

"Kwa hiyo ukishajua umepinda," mama mshonaji aliuliza, safari hii bila mzaha, "unakwenda wapi?"

"Hapo ndipo sheria inakushika mkono ikupeleke kwa Kristo. Yeye ndiye pekee aliyepimwa akakutwa wima. Na bado alikubali kubomolewa kama yeye ndiye aliyepinda, akanyamaza, ili..."

Alikuwa ameyasema maneno hayo miaka mingi bila kukwama. Sasa alikuwa anauona ukuta wa kulia ukishuka tofali kwa tofali, na mtu mmoja amesimama kando, anajua kila kitu, amefunga mdomo ili kaka yake asichekwe.

"Tuombe," alisema, na aliyeomba ikabidi awe mama mshonaji.

Jumatatu alifika kanisani na nyundo kabla jua halijapata nguvu. Mkewe alikuja naye, kabeba chupa ya chai na vikombe vitatu. Timazi aliviona, akavihesabu, hakuuliza. Waliokuwapo walikuwa wawili tu. Alipanda jukwaa la mbao, akatafuta pa kuanzia, akaona heri aanze na upande wa kulia, kwa kuwa huko ndiko alikoharibu. Akainua nyundo.

"Weka chini hiyo."

Mdogo wake alikuwa amesimama chini ya jukwaa na ndoo mkononi. Ndani ya ndoo kulikuwa na mwiko uliosuguliwa kwa msasa mpaka ukang'aa, na ile nati yake kwenye uzi. Hakuwa anatabasamu. Alipanda, akamsogeza kaka yake kwa bega, kwa upole, kama mtu anayepita kwenye mlango mwembamba.

"Huu wa kulia ni wangu," alisema. "Wewe nenda upande wako."