Mama Jeli na Moyo Uliogoma Kuonekana

Asubuhi hii chupa ya jeli imekaa kwenye beseni la maji ya moto, na mwenye chupa anahangaika na mito. Mmoja anauweka chini ya kiuno cha mjamzito aliyelala ubavu, mwingine katikati ya magoti.

"Umekaa vizuri, mama?"

"Mimi nimekaa. Kitanda chako ndicho hakijakaa."

Wanacheka wote wawili.

Wajawazito wanamwita Mama Jeli, kwa sababu hajawahi kummwagia mtu jeli ya baridi. Ni mpimaji wa ultrasound, mwembamba kama ufito, na wengi wanaoletwa kwake ni akina mama wanene ambao kwingine picha zao zimeshindikana.

Huyu wa leo amepimwa kwingine mara mbili. Viungo vyote vya mtoto vimeonekana, isipokuwa moyo.

"Wakaniambia mafuta yamezidi, nirudi nikipungua," anasema. "Nipungue vipi na mimba ya miezi sita? Mwanangu wa kwanza alifariki kwa moyo. Silali, dada yangu."

Maneno hayo ya "rudi ukipungua" Mama Jeli anayajua. Dada yake mkubwa aliambiwa hivyohivyo, akatoka analia, na kliniki hakuikanyaga tena mpaka uchungu ulipomshika. "Alijifungua salama, ila ni bahati tu," anasema.

Ni kweli mafuta hufifisha picha. Mama Jeli hutafuta upenyo: hurekebisha mashine ione mbali zaidi, humgeuza mama, humwomba ainue tumbo kwa mikono yake mwenyewe. Ikishindikana, hujaza jeli kitovuni na kupimia hapo, kwani hapo mafuta ni kidogo.

Leo amefika kitovuni, na bado ni ukungu mtupu. Mtoto amewapa mgongo.

"Mkaidi huyu! Hebu tembea kidogo koridoni, urudi."

Mjamzito anarudi akihema. Jeli tena, kitovuni tena. Anamshika Mama Jeli mkono.

"Niambie tu."

"Amegeuka. Vyumba vinne vya moyo, vyote vipo. Vali zile, milango yake, zinafunguka na kujifunga. Mzima kabisa, tazama."

Mjamzito analia bila kujificha, kisha anajifuta. "Na wewe ulivyo mwembamba, ukipimwa si litaonekana mpaka godoro?"

Mama Jeli anataka kitanda kipana, na zaidi ya hicho, anataka kila anayeshika mashine afundishwe njia ya kitovuni. "Mama asirudishwe nyumbani na hofu yake," anasema, akifunika chupa.

Mjamzito hajainuka.

"Tumemaliza, mama."

"Najua. Nionyeshe tena."

Mama Jeli anafungua chupa.