Nilipika data za field kule Galula, nikapata A. Sasa naona aibu hata kuishika ile research

Wakuu habari za muda huu. Naandika hapa kwa sababu sina uso wa kumwambia mtu ninayemjua. Hii si chai ya kutunga, na mkosaji ni mimi mwenyewe.

Nikiwa mwaka wa mwisho chuo, nilifanya research kuhusu wajawazito wanavyofika kituo cha afya. Field ilikuwa kijiji kimoja mbele ya Galula, sitakitaja.

Mwenyeji wangu, Mama Neema, aliwakusanya wanawake arobaini kanisani. Wote wakasaini fomu za kukubali kuhojiwa. Nilitakiwa kumhoji kila mmoja nyumbani kwake, kwa faragha, hivyo nikawapangia siku.

Siku mbili za kwanza nikahoji kumi na moja, wote majirani wa kituo.

Mvua ikaanza. Bodaboda ikanimwaga kwenye tope mara mbili, na mimi kijana wa Mlowo niliyezoea lami nikaona isiwe tabu. Nikarudi nyumbani Mlowo, nikakaa sebuleni na chai na maandazi, nikajaza dodoso ishirini na tisa mwenyewe.

Nilikuwa nabadilisha hadi kalamu na mwandiko, fikirieni.

Wale kumi na moja walisema kufika kituoni hakuna shida. Basi na wengine nikawasemea hivyo hivyo.

Nikapata A. Supervisor akanisifia mbele ya wenzangu kwamba data zangu zimenyooka. Nami nikajiona kichwa kweli.

Baadaye Mama Neema akapiga simu. "Mwanangu, umekula kwetu, hata kuja kutuaga? Lete hicho kitabu nasi tukisikie."

Sikuwa na pa kukwepea. Nilipofika, kanisa limejaa, wamenichemshia viazi na karanga. Nikasimama mbele nikasoma kwamba washiriki wote walieleza kituo kinafikika bila shida.

Akasimama mama mmoja benchi la nyuma, akataja jina lake. Sura sikuikumbuka, lakini jina nililijua, maana dodoso lake nililijaza mimi. Tumwite Mama Zawadi.

"Mwanangu, mimi nilijifungulia njiani, kwenye pikipiki. Mtoto hakulia. Ile wiki uliyosema utakuja sikwenda shamba, nilikusubiri nikwambie."

Wakuu, hakukasirika. Angenitukana ningepata nafuu.

Akaongeza, "Labda hukupaona kwangu. Kumejificha."

Nikajibu, "Ndiyo mama, sikupaona."

Nikadanganya tena, tena kanisani. Naye akaanza kunielekeza taratibu: nikivuka mto nishike kushoto, nipite shamba la ufuta, nyumba yenye mlango wa bluu. Ili siku nyingine nisipotee.

Nimejifunza kwamba kila dodoso lina mtu aliyeacha kazi zake akakaa kunisubiri. Mimi nilikuwa naona namba tu.

Supervisor nitamfuata Jumatatu nimweleze yote, cheti kikiondoka kiondoke. Ila Jumamosi naanza na Mama Zawadi.

Semeni chochote, matusi nitapokea. Lakini kama kuna aliyewahi kwenda kwa mtu aliyemkosea namna hii, naomba aniambie: ukishaitikiwa hodi, ukakaribishwa kiti, unaanzaje?