Kumbe Nilikuwa Namfuatilia Mbuzi

Admin habari, naomba unifichie jina, maana kaka yangu naye yumo humu ndani. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nane, nauza duka la vitambaa Tanga mjini. Mama yetu anaishi Pangani na huyo kaka yangu mkubwa. Ana ugonjwa wa kusahau. Akishika njia anakwenda tu, anasema anarudi kwao Ushongo, alikozaliwa.

Nilinunua kile kifaa kidogo kinachoonyesha kwa nukta kwenye simu mtu yuko wapi. Shida ikawa kumvalisha. Saa ya mkononi aliivua, bangili akaitupa. Nikakumbuka kuwa kitu kimoja tu mama havui: hirizi. Babu, baba yake, alimfunga hirizi tangu mdogo, akamwambia asiitoe hata akioga. Basi kifaa nikampelekea fundi viatu, akakishonea mfuko wa ngozi wenye kifungo mfano wa hirizi, nikamvisha mama shingoni badala ya ile ya zamani iliyochakaa. Aliishika, akatulia kabisa. Kaka nikamwelekeza namna ya kukitoa na kukichaji.

Mwanzoni nilimsumbua kweli, sikatai. Nikiona mama katoka uani nampigia kaka nikimwambia amfuate, naye yuko barazani anacheza bao. Akawa anapokea kwa kununa. Halafu ghafla mambo yakatulia. Kila nikitazama simu mama yuko uani, mara karibu na choo, mara nyuma ya jiko. Nikashukuru Mungu, nikawa hata nawaonyesha wateja.

Siku moja nikapigiwa na mwanamke nisiyemjua. Akasema yuko njia ya Ushongo, kamkuta bibi kizee peku, na namba yangu, niliyoiandika ndani ya gauni lake, kaiona. Nilitazama simu, nikamjibu kwa jeuri kuwa utapeli huo akaufanye kwingine, mama yangu yuko nyumbani namuona. Akasema, "Haya dada, msikilize mwenyewe."

Nikasikia, "Mwanangu, njoo unichukue. Watu hawa siwajui."

Alikuwa amevuka mto kwa kivuko peke yake. Nilimkuta nyayo zimechubuka, gauni limelowa mkojo, midomo imekauka. Shingoni hana kitu. Tulipofika nyumbani, uani alikuwepo mbuzi, anatafuna maganda ya ndizi, hirizi ya mama inaning'inia shingoni mwake.

Jamani! Nilikuwa nafurahia mama kachangamka, kumbe natazama mbuzi akizunguka choo! Na kinachonitia kinyaa zaidi ni kwamba kile kifaa lazima kichajiwe. Kaka yangu alikuwa anamkamata mbuzi, anamvua hirizi, anakichaji, anamfunga tena. Nguvu ya kumhudumia mbuzi anayo. Ya kumfuata mama hadi njia panda hana.

Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu bila hata kuinua macho, "Ulitaka kuona nukta haitoki uani. Si umeiona?"

Kwenye kikao cha ukoo akageuza maneno. Akasema aliyemfunga mama hirizi ni mimi, hakujua imetoka kwa mganga gani, akaogopa, akamvua. Mtu niliyemwelekeza kwa mkono wangu! Mama wadogo hata kifaa hawakutaka kukitazama, wakaguna, wakanitazama kama mchawi. Wakamnywesha mama kombe, yale maji yaliyooshewa aya, kumsafisha. Mjomba akasema yaishe, mambo ya ndani yabaki ndani, isomwe dua mama kapatikana.

Dua ikasomwa, na aliyechinjwa ni yule yule mbuzi. Kaka akaniletea sahani ya pilau kwa mkono wake, kaniwekea na maini, anatabasamu. Sikugusa. 

Sasa mama yuko kwangu. Nimepanga chumba kimoja, natoka asubuhi narudi jioni, na nikitoka namfungia kwa kufuli. Majirani wanasema analia, anagonga mlango. Mjomba kapiga simu kuwa nimrudishe, mama si mfungwa, na kaka ameapa kwa msahafu atamwangalia. Huyo huyo kaka.

Hirizi ninayo kwenye pochi. Nimeiosha kwa sabuni mara nyingi, bado inanuka beberu, siwezi kumrudishia shingoni. Na kila usiku mama anapapasa shingo yake, ananiuliza, "Ile ya baba iko wapi?"

Ndugu zangu, nimfungie mimi au nimrudishe kwa yule? Mngekuwa mimi, mama mngemweka wapi?