Vidole vya Elwood kwenye Diski

Verna Kosciak alikuwa na jina la alama ambalo kila mtu katika klabu yetu ya viziwi mjini Rochester alilijua: kidole gumba kinasugua ncha za vidole viwili, kama mtu anayefuta wino. Alipanga herufi kwenye kiwanda cha kuchapa gazeti kwa miaka thelathini na moja, na hata alipostaafu weusi haukumtoka kuchani. Ndiye wa kwanza kati yetu kununua kompyuta, na ndiye aliyeandika ukurasa wa vifaa katika jarida la klabu. Mimi nilikuwa mhariri wake, yaani nilimwomba apunguze makali, naye akakataa, kila mwezi.

Mwezi wa pili mwaka 2002, kampuni moja ilituazima mashine ya kuchoma DVD, ya kufungwa ndani ya kompyuta ya nyumbani. Enzi hizo ilikuwa ajabu. Tulitakiwa kuijaribu kwa wiki sita na kuandika tathmini. Wakipendezwa nayo, mashine ingebaki kwetu.

Verna alitaka ibaki. Kabatini kwake alikuwa na kanda arobaini na moja za video, maisha yote ya klabu tangu 1981: harusi, mashindano, na wazee wetu wakisimulia hadithi kwa mikono. Hadithi hizo hazikuwa zimeandikwa popote, na ukiziandika zinakufa. Kanda zenyewe zilikuwa zimeanza kujaa chenga.

Aliianza kazi Jumatatu asubuhi. Alichagua kanda ya Elwood Tripp ya mwaka 1983. Akaunganisha deki na kompyuta, akasubiri hadi adhuhuri kompyuta imeze picha, kisha akaamuru ichome. Ikachoma kwa karibu saa mbili. Ilipofika asilimia tisini na nne, ikasimama. Maandishi yakatokea: kosa lisilojulikana.

"Lisilojulikana na nani?" aliniuliza nilipokwenda kumtazama. "Waliitengeneza wenyewe!"

Diski ya pili iliharibika kwenye asilimia tisini na tisa. Ya tatu ilimalizika, lakini deki ya DVD ya klabu ikaikataa kama mtoto aliyekataa uji. Akapiga simu kampuni. Sisi hupiga kwa maandishi: unaandika, opereta anamsomea mtu wa upande wa pili, kisha anakuandikia jibu lake. Mara mbili walikata simu kabla opereta hajamaliza salamu, wakidhani wanauziwa kitu. Mara ya tatu akapatikana kijana, akauliza diski zina alama gani, ya kujumlisha au ya kutoa.

"Kumbe kuna aina mbili?" Verna akaandika.

"Ndiyo mama. Na si kila deki inasoma zote."

Boksi lilikuwa limeandikwa kwamba mashine inafanya kazi na deki zote. Verna alilipiga picha boksi lile. Akanunua diski za aina nyingine, akachoma upya, na wiki ya tatu akapata diski inayocheza. Akanijia amenuna kwa uchovu, lakini macho yanacheka. "Ijumaa," alisema. "Tuonyeshe watu."

Ijumaa huwa tunakula samaki wa kukaanga klabuni, kwa hiyo ukumbi ulijaa. Elwood mwenyewe, miaka themanini na minane, aliketi mbele kabisa na sahani mapajani. Picha ikatokea kubwa, safi, rangi nzuri. Watu wakapiga meza. Elwood wa 1983 akaanza kisa chake cha kondakta wa treni aliyejifunza herufi za vidole, akajiona bingwa, akawa anamtamkia abiria kiziwi kila kituo kwa vidole, herufi kwa herufi. Treni inakaribia Canandaigua, kondakta anainua mkono: C, A, N, A... Utamu wote uko hapo, kwa sababu anapofika herufi ya mwisho treni imekwishaondoka kituoni.

Lakini mkono wa Elwood kwenye skrini ukageuka uji. Kila vidole vilipokwenda haraka, picha ilivunjika kuwa vipande vya mraba, na herufi zikapotea. Hakuna aliyecheka.

Elwood akaweka sahani chini. "Verna! Umenikata vidole? Mbona ni kama nimeshika mwiko?"

"Si mimi, ni mashine."

"Basi mashine yako kipofu. Kondakta alikuwa nafuu!"

Hapo ukumbi ukacheka, lakini si kwa kisa. Verna akaizima deki, akavaa koti, akaenda zake bila kugusa samaki wake.

Jumatatu akampata tena yule kijana. Kwanza kijana aliuliza kama sauti ilikuwa safi.

"Mwanangu," Verna akaandika, "kanda hii haina sauti. Sauti yetu ni vidole, na mashine yenu imevisaga."

Kisha jibu likaja: ipo njia ya kuchoma kwa ubora wa juu, ila diski moja itabeba saa moja tu.

Alijaribu, na kweli vidole vilirudi. Canandaigua ikasomeka yote. Lakini kanda ya Elwood ilikuwa ya saa moja na dakika hamsini, ikabidi ikatwe katikati, na kwa kila diski iliyokubali, moja iliharibika. Wiki sita zilipokwisha alikuwa ameokoa kanda tisa.

Tathmini yake ilikuwa fupi. Aliandika kwamba boksi linadanganya, na kwamba mtu anayeongea kwa mikono asinunue mashine hii bado. Tuliitanguliza kwa kampuni, kama tulivyokubaliana. Wakajibu kwa upole: wangefurahi kutuachia mashine, kama tungeongeza tu kwamba picha inamridhisha mtazamaji wa kawaida.

Nilimwendea na barua. "Sentensi moja, Verna. Kanda thelathini na mbili zinangoja."

"Mtazamaji wa kawaida ni nani? Mimi si kawaida? Elwood je?"

"Unajua nimekusudia nini."

"Miaka thelathini na moja nimepanga uongo wa watu kwa mkono huu. Niliupanga kwa sababu haukuwa wangu." Akanirudishia barua. "Wewe ni mhariri. Iandike uitie saini wewe."

Sikuiandika. Tathmini ikatoka kama alivyoiandika, na wiki iliyofuata akaja mtu kuichukua mashine. Tulinuniana na Verna hadi kiangazi.

Mashine nzuri zaidi tulinunua baada ya miaka miwili, kwa michango. Verna akarudi kabatini kwake. Kanda ishirini na nane zilikubali. Nne zilikuwa chenga tupu, na mojawapo ilikuwa ya mama yangu akisimulia alivyopelekwa shule ya viziwi akiwa na miaka mitano. Verna aliiweka kwenye deki mara saba, mimi nimesimama nyuma yake. Mara ya saba akaitoa, akanigeukia. Nilimwambia alikuwa sahihi kuikataa ile sentensi. Nilimwambia pia kwamba hasira haijanitoka, na hakunitaka niimeze.