Mwaka Tuliofika Kilema na Njaa

Mimi kwa kula njiani sina aibu. Kila Desemba tukitoka Shinyanga kwenda kijijini kwetu Kilema, mke wangu hupanga nguo, mimi hupanga vituo. Najua Singida nikamfuate kuku wa kienyeji kwa nani, najua Babati samaki anatoka wapi jikoni mafuta yakiwa bado yanamchemka mgongoni. Na mahali nisipopajua nina kipimo changu. Naingia, nauliza kuna chakula gani. Wakinijibu "kila kitu kipo," nageuza. Dada akiniambia wazi kwamba yamebaki maharage na wali, tena wali wenyewe ni wa kusubiri, hapo navuta kiti.

Mwaka jana ilikuwa tofauti. Mama alikuwa ameugua kiharusi, mkono wa kulia ukabaki mzito, na tangu hapo hakuwa ameshika mwiko. Jirani ndiye aliyekuwa akimpikia. Siku chache kabla ya safari mama akanipigia simu. "Safari hii mtori wangu wa ndizi napika mwenyewe," alisema. "Msije mmeshiba." Kwetu ukifika kwa mama tumbo limejaa, ni kama umemwambia umeshapata mama mwingine huko njiani. Nikamwahidi, mke wangu na binti yetu wakisikia.

Ilikuwa safari ya mateso, na cha ajabu niliifurahia. Tulikunywa chai Singida, basi. Babati nilipunguza mwendo, nikashusha kioo, nikavuta harufu kwa nguvu zote, nikakanyaga mafuta. "Baba, harufu haishibishi," binti yangu akasema huko nyuma. Pale Kwa Sadala, kabla ya Moshi, tulisimama kununua maji tu, na mchoma nyama anayenifahamu akaniuliza kama naumwa. Nilimwambia siumwi, nakwenda kula kwa mama. Tulipoiacha Moshi mjini, tukapita Himo na kuanza kupanda, matumbo yote yakiunguruma, sikuweza kutulia kwenye kiti. Mtori nilikuwa nautamani, ndiyo, lakini zaidi nilitaka kujua kama mkono wake umerudi. Niliogopa hata kulitamka.

Mama tulimkuta barazani kwenye kiti cha plastiki. Kitenge kipya, viatu vya kanisani, mkoba magotini. Jikoni hakukuwa na moshi wala harufu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mmekula?"

"Hata punje."

"Vizuri. Basi msishushe mizigo. Nipelekeni hotelini."

Nikadhani ni utani, nikaanza kucheka. Kisha akatuambia kwamba tangu asubuhi alikuwa akijaribu kumenya ndizi, kisu kikawa kinamponyoka, mwisho akakiweka chini.

"Jirani alitaka kunimalizia, nikamkataza," alisema. "Ningewawekea mtori wa mtu mwingine, nanyi mngekula mkinisifia. Sitaki sifa za hivyo. Halafu wewe kila mwaka unanipigia simu mdomo umejaa nyama, mara uko Babati, mara uko wapi. Na mimi nataka kukaa huko mnakokaaga."

Niliumia kwa ajili ya mkono ule, sitaficha. Lakini papo hapo furaha ikanipanda mpaka nikaangusha funguo za gari. Mama yangu alikuwa anakwenda kula nje.

Tatizo lilikuwa moja. Barabara yote ile naijua kwa tumbo, ila kuanzia Himo kupanda kwetu sikujua hata kibanda kimoja. Ningekijulia nini, wakati kwetu kulikuwa na mama? Tukateremka polepole, mama kiti cha mbele, sisi wengine macho nje. Mahali pa kwanza spika ilikuwa kubwa kuliko jiko, tukapita. Pa pili dada akatuhakikishia kuwa kila kitu kipo. Mama, niliyekuwa nimemweleza kipimo changu njiani, hakungoja nimalize kusikiliza. "Washa gari," akasema. Mke wangu alicheka mpaka akafuta machozi kwa khanga.

Baada ya kona, juu kidogo ya mfereji, tukaona meza za mbao chini ya mti wa mringaringa na mama mmoja akipepea mkaa. Nikashuka mbio.

"Zimebaki ndizi nyama tu," akaniambia, "na hazijaiva. Mtasubiri."

Nusura nimkumbatie. Tukakaa, maji ya mfereji yakipita chini yetu, na mimi nikawa naangalia huku na huku kama vile mahali hapo nimepajenga mimi. Mama alikaa wima, mkoba bado magotini. Mara akainuka kwenda kumsaidia yule mama kukoroga. Binti yangu akamshika kitenge. "Bibi kaa, leo sisi ni wageni."

Chakula kilipokuja, mama mwenye hoteli akaweka sahani ya kwanza mbele ya mama, kwa kuwa ndiye mkubwa wetu. Mama akaisukuma kwa mkono wa kushoto ikaenda kwa mjukuu. Mjukuu akairudisha. Mama akaisukuma kwangu. Nikairudisha. Nyumbani yeye ndiye anayepakua, anaanza na baba enzi za uhai wake, wageni, watoto, anarudia walioomba kuongezwa, na yeye hukwangua kilichobaki kwenye sufuria, jikoni, wakati sisi tumeshanawa.

"Kula mama, zisipoe," mwenye hoteli akamwambia.

Mama akaivuta ile sahani kwake. Kisha akashika kijiko kwa mkono wake mzima, akachota, akapuliza, akatia mdomoni. Akatugeukia.

"Za moto," alisema.

Nimepita miaka arobaini, na mikono ya mama ndiyo iliyonilisha mpaka nikaondoka kwake. Siku ile ndiyo nilimwona kwa mara ya kwanza akila chakula cha moto.