Jiko Lililohamia Mbele

Kwa miaka mingi Holo alikuwa mke wa simu. Mumewe, Ngusa, ana trekta, na trekta halina kwao. Mvua ikinukia tu, huyo, anatoka Visiga kwenda kulimia watu mashamba huko Kisarawe, kijiji hadi kijiji, analala chini ya turubai. Kila jioni alipiga simu, na swali lake lilikuwa lile lile.

"Mama Elina, leo umepika nini?"

Holo alimjibu wali na samaki, kesho yake kande, siku nyingine ndizi na nyama. Ukweli ni kwamba alikuwa anakunywa chai na kipande cha mkate. Binti yao Elina alishaolewa, na nani atawasha jiko kwa ajili ya tumbo moja?

Mwaka huu akasema basi. "Baba Elina, kama wewe huwezi kukaa nyumbani, nyumba itakufuata. Tutafute nyumba ya kuvutwa na trekta, tuishi humo mwaka mzima, mvua na jua."

Ngusa alicheka, halafu akaona mwenzake hacheki. Wakaanza kutafuta. Pale Picha ya Ndege walionyeshwa bodi la basi dogo la Kosta, kuukuu, viti vimeng'olewa, madirisha bado yapo. Holo aliingia, akapiga hatua mbili tatu, akatoka anajipepea kwa kanga. "Hili tanuri," alisema. "Mkate utaiva na mimi nitaiva." Wakaonyeshwa pia kontena. Hapo alikataa Ngusa; alisema trekta lake lingelivuta mpaka barabarani halafu lingeomba talaka. Mwisho wakachukua tela la matairi mawili lililokuwa likibeba magunia, na fundi Dulla akawajengea juu yake chumba cha mbao nyepesi na bati, dirisha huku na huku, mlango ubavuni karibu na mbele.

Elina alipokuja kukiona alishika kiuno. "Mama, watu watasema mnaishi kwenye banda la kuku."

"Waseme. Kuku jogoo wake yupo."

Ndani, Holo alipanga mwenyewe. Mbele, mlangoni, benchi la wageni lenye mto wa kitenge. Katikati kitanda. Jiko, nyuma kabisa. "Jiko ni la nyuma, mwanangu," alimwambia fundi. Marehemu mama yake alimlea hivyo: mgeni asione sufuria zako kabla hajaona uso wako. Kwa hiyo huko nyuma likaenda pipa la maji, mtungi wa gesi, gunia la unga, gunia la mchele, na kinu cha mninga ambacho mtu mmoja hakinyanyui bila kuguna. Ngusa alitazama yote hayo. Ungekuwa mkaa wa mtu angepiga kelele, lakini hii ilikuwa nyumba, na nyumba ina mwenyewe.

Alitoa sharti moja tu. "Tujaribu tela hili mpaka Marui, huko Kisarawe. Likienda vizuri, tunamrudishia mwenye nyumba ufunguo wa chumba cha Visiga. Likisumbua, nalirudisha, nawe unabaki kwenye ukuta wako wa tofali." Holo alifunga ufunguo kwenye pindo la kanga, wakaondoka asubuhi, yeye amekaa juu ya madigadi ya trekta. Plau la kulimia lilikuwa limetangulia kwa lori.

Kwenye lami mambo yalikuwa shwari. Walipoiacha lami pale Mlandizi, tela likaanza kutikisa mkia kama mbwa aliyemwona bwana wake. Ngusa akapunguza mwendo, akakunja uso. Mbele kidogo, kwenye kilima, mambo yakaharibika: magurudumu makubwa ya trekta yakawa yanazunguka bure, yanarusha vumbi bila kushika ardhi, na tela likavuta upande, tairi moja likachungulia mtaroni. Ngusa akakanyaga breki. Holo akaruka chini, akatafuta mawe ya kuzuia matairi.

Ngusa alizima injini.

"Mama Elina," alisema Ngusa, na hakumtazama. "Tunarudi."

Holo aliumia. Aliumia kweli, kwa sababu alishajiona yuko Marui, na sasa alijiona tena Visiga na kikombe cha chai, akidanganya kwenye simu. Alizunguka nyuma ya trekta ili asilie mbele ya mumewe. Ndipo akaona pale tela linaposhikana na trekta. Ule mkono wa chuma wa tela ulikuwa unasukuma juu, umeibana pini kana kwamba unataka kulinyanyua trekta matako.

Akamkumbuka baba yake kule Usukumani, na mkokoteni wa ng'ombe, siku yeye na kaka zake walipolundika pamba yote nyuma kwa uvivu wa kupanda mbele. Mkokoteni uliinua mdomo, nira ikapanda, ng'ombe wakakabwa koo. Baba alikuja mbio na fimbo, si ya ng'ombe.

"Baba Elina! Njoo uone. Tunamnyonga ng'ombe."

Ngusa alikuja, akainama, akaangalia pini, kisha akajipiga kofi kwenye paji la uso. Naye alikuwa amekua nyuma ya mikokoteni. "Mizigo ya watu naipanga vizuri," alisema. "Hii, mimi niliona nyumba."

"Na mimi niliona nyumba."

Walicheka mpaka Holo akafuta macho, na hakujua ni machozi ya lipi. Kisha Ngusa akasema taratibu, maana alimjua mkewe: "Basi jiko lije mbele."

"Mlangoni? Mgeni akifika anakutana na masufuria yangu?"

"Au Visiga."

Holo aliupapasa ufunguo kwenye pindo. Alimwomba mama yake radhi kimoyomoyo. "Shika pipa huko," alisema, "mimi nashika huku."

Wakafungua nati za rafu, wakahamisha unga, mchele, maji na gesi kuja mbele. Kinu wakakiacha juu ya ekseli, kwa sababu mbele nako mzigo ukizidi ni balaa. Benchi la wageni likapelekwa nyuma na mto wake wa kitenge. Trekta likapanda kilima bila hata kukohoa, na tela likafuata kwa adabu.

Marui walipokelewa na Mwanakheri, Mzaramo mwenye shamba, kabeba kikapu cha mihogo.

"Wasukuma hamna haya!" alianza kwa mbali, kwa maana hao ni watani. "Kuhama na ng'ombe mmechoka, sasa mnahama na nyumba?"

Alipanda ngazi, akasimama ana kwa ana na masufuria. Holo aliona aibu mpaka masikioni. "Nisamehe dada, jiko limekaa vibaya."

"Vibaya kwa nani? Mimi nikifika kwa mtu nikakuta sebule inang'aa na jiko limefichwa, najua leo nitapewa maji tu. Lete kisu."

Akakaa pale pale mlangoni, akaanza kumenya mihogo.

Jioni, Mwanakheri amekwenda zake, Ngusa alitoka shambani na vumbi mpaka kwenye kope. Hakuuliza kumepikwa nini. Alinawa, akapanda ngazi, akafunua sufuria kwa mkono wake, akaacha mvuke umpige uso. Mihogo na dagaa wa nazi.

"Zile siku za simu," alisema Holo, "nilikuwa nakunywa chai tu."

Ngusa alirudisha kifuniko polepole. "Na mimi nilikuwa nakwambia nimeshiba."

Walikula wamekaa pale jikoni, magoti yanagusana. Alipomaliza sahani ya kwanza Ngusa alinyoosha kiganja. "Nipe ule ufunguo. Nikienda kuchukua dizeli nitampitishia mwenye nyumba."

Holo alifungua pindo la kanga, akampa. Kisha akachukua sahani yake, akamwongezea.